Soma na uyoga mwekundu

Kusema kwamba soma, kinywaji kitakatifu cha Wahindi wa kale, na dawa ya makuhani wa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, vilitokana na uyoga uleule mwekundu wenye madoa meupe, kama makala moja inavyodai, ni kwenda mbali mno. Mtafiti wa uyoga Wasson alitetea nadharia ya uyoga kwa upande wa India mwaka 1968, lakini Rigveda, mkusanyiko wa kale wa nyimbo takatifu za Wahindi, ambayo kitabu chake cha 9 kina nyimbo 114 za soma, inaeleza mabua yanayopondwa kwa mawe, maji yake yakachujwa kwa sufu ya kondoo na kuchanganywa na maziwa. Na Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta nchini India, hadi leo hutumia vijiti vya kichaka cha efedra katika ibada yao ya haoma, kinywaji ndugu ya soma. Kuhusu Wakelti, Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, anataja mmea unaoota juu ya mwaloni, uliokatwa kwa mundu wa dhahabu, ambao waliamini huwapa uzazi wanyama tasa na kuponya sumu. Kulewa hakutaji kabisa. Je, kuna msomaji aliyeona ushahidi wa kiakiolojia unaounga mkono uyoga huo?