Kwa Nini Pochi ya Mombasa Haikondi

Lango la treni za chini ya ardhi hapa London halina adabu. Likikataa kadi yako huwaka taa nyekundu na kutoa mlio mmoja mkavu, na walio nyuma yako hushusha pumzi kwa pamoja, kwa namna ambayo Mwingereza amejaaliwa kushusha pumzi anapotaka kutukana bila kufungua mdomo. Mimi lilinikataa kwa sababu ya pochi. Nilikuwa nimeigusisha pochi nzima kwenye mashine, na ndani yake mlikuwa na kadi mbili za benki za kulipia kwa kugusa, basi mashine haikujua imtoze bwana yupi kati ya hao wawili. Kuna siku huwa balaa zaidi, kwani lango la kuingilia huweza kusoma kadi moja na la kutokea likasoma nyingine, hapo hesabu ikaonyesha wasafiri wawili ambao hawakumaliza safari zao, na kila mmoja akatozwa nauli ya juu kabisa.

Jioni hiyo niliimwaga pochi yangu kitandani. Ni pochi ya ngozi ya kukunja mara tatu, niliyoinunua Biashara Street kabla sijasafiri, na kwa kukaliwa miaka yote hiyo ilikuwa imeumuka kama hamri. Yaliyotoka humo, msomaji wa Mombasa anaweza kuyataja bila kuyaona: kitambulisho, bila shaka; kadi ya kura; kadi ya NHIF, bima ya afya ya Kenya ambayo shirika lake limekwisha kuzikwa na SHA ikashika nafasi yake tangu Oktoba 2024; nakala ya cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, iliyokunjwa hadi ikaanza kukatika; picha za pasipoti nikiwa bado na nywele; risiti za duka la vifaa vya ujenzi ambazo wino wake umefifia hata haijulikani tena kama nilinunua saruji au misumari; kadi za mafundi; na karatasi ya dua aliyoniandikia bibi yangu. Fedha ilikuwa noti moja tu ya shilingi elfu, ya ule mtindo wa zamani ulioondolewa na Benki Kuu tarehe 30 Septemba 2019, kwa hiyo hata hiyo haikuwa fedha.

Watu hudhani kwamba pochi hunenepeshwa na kadi. Kadi ya benki hutengenezwa kwa kipimo kimoja popote duniani, milimita 85.6 kwa 54 hivi, na unene wake ni kama robo tatu ya milimita, hata ukizibananisha kadi kumi bapa hazifiki sentimita moja. Kinachoinenepesha pochi ni tabaka za ngozi na kitambaa cha ndani, ambazo katika pochi ya kukunja huongezeka kwa kila kunjo, na juu ya hizo ni karatasi. Pochi yangu haikuwa imenona kwa mali, bali kwa ushahidi: kila kilichokuwa humo kilikuwapo ili siku moja nimthibitishie mtu fulani kwamba mimi ndiye mimi, kwamba nililipa, au kwamba ninajulikana na ofisi fulani.

Basi nikaamua kununua pochi mpya nyembamba, na kuichagua hakukunichukua muda mrefu, ingawa wauzaji wa hapa wamelifanya jambo hili kuwa elimu nzima. Zipo za vibao viwili vya aluminiamu vilivyobanwa kwa mpira, nadhifu kweli kweli, lakini huikwaruza simu ikiwa zimekaa mfuko mmoja, na noti hufungwa kwa nje kwa kibanio, jambo ambalo mtu aliyelelewa Mombasa halipendi hata kulitazama. Isitoshe, noti za hapa siku hizi ni za plastiki, zile za pauni 5 tangu 2016 na za pauni 50 tangu 2021, nazo ukizikunja hutaka kujikunjua. Nimechukua ya ngozi, ya ukubwa wa kadi yenyewe, yenye mfuko mmoja kila upande na nafasi ya katikati ya noti iliyokunjwa, hivyo kadi ya benki ninayosafiria inakaa peke yake upande wake na lango halina tena la kusema. Sikulipia kitambaa maalumu cha kuwazuia wezi wanaosemekana kusoma kadi kwa mawimbi ya redio. Kadi hizi husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, na aliyewahi kuvuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, saa kumi na moja jioni anajua kwamba mwizi akishafika umbali huo hana haja ya mawimbi. Ninaiweka mfuko wa mbele, kama feri ilivyotufundisha zamani. Madaktari nao wana hoja yao, kwamba pochi nene ya mfuko wa nyuma humkalisha mtu upande na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni, lakini sisi hilo tulilitekeleza kwa kuwaogopa wezi kabla ya kuambiwa na daktari yeyote.

Ndani ya pochi hiyo mpya mna kadi mbili za benki, kadi ya maktaba na noti moja ya pauni 10. Leseni ya udereva ninaiacha nyumbani, kwa kuwa askari akinisimamisha bila ya kuwa nayo sheria inamruhusu kunipa siku saba niipeleke kituoni. Kitambulisho hamna, kwa sababu hakuna anayekitaka. Ninaingia katika jengo la ghorofa ishirini kumwona mtu, ninamtajia jina langu mhudumu wa mapokezi, naye hulichukua jina hilo kana kwamba ni langu.

Wasomaji wangu wa pwani watanielewa nikisema kwamba siku za mwanzo jambo hili lilinikosesha raha. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa siwezi kupanda ghorofani Moi Avenue kumwona wakili bila kumkabidhi bawabu kitambulisho, naye akanipa kibati chenye nambari, nikaandika kwenye daftari lake jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ninakotoka na ninakokwenda, kisha kalamu ikagoma katikati. Wakala wa M-Pesa alikitaka kitambulisho hicho hicho kabla hajanipa fedha zangu mwenyewe. Benki ilikitaka, na askari wa doria usiku alikitaka zaidi ya wote. Mtu wa mitaa ya Mombasa kama Kibokoni au Majengo ana sababu yake ya ziada ya kukibeba kila aendako, maana anakumbuka alivyokipata: cheti cha kuzaliwa cha baba, kisha cha babu, kisha kikao mbele ya wazee na maofisa wa kumhoji ukoo wake, kana kwamba mji huu ulijengwa na wageni. Kitu kilichopatikana kwa jasho la namna hiyo hakiachwi sandukuni.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba desturi hii hatukuibuni wenyewe. Waingereza ndio waliotuletea kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vilipokwisha, wakamlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni, na mwanaharakati Harry Thuku alipowakusanya watu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Sasa tazama walivyofanya kwao. Walipewa vitambulisho mwaka 1939 kwa ajili ya vita, vita vikaisha, vitambulisho vikabaki, hadi Desemba 1950 askari mmoja hapa London alipomsimamisha dereva aitwaye Clarence Willcock na kumtaka aonyeshe chake. Willcock alikataa. Alishtakiwa na kupatikana na hatia, lakini hakuadhibiwa, na kesi ilipofika mbele ya Jaji Mkuu Goddard mwaka 1951, jaji alilaumu wazi wazi tabia ya polisi ya kudai vitambulisho kwa kila jambo dogo. Mnamo Februari 1952 serikali ikavifuta. Vikajaribiwa tena kwa sheria ya 2006, vikafutwa tena kwa sheria ya 2010. Mwaka 2025 serikali ilipotangaza kwamba inataka kitambulisho cha ndani ya simu, zaidi ya watu milioni mbili walitia sahihi kupinga. Aliyetuvisha kipande shingoni yeye mwenyewe hakubali kukibeba hata mfukoni.

Najua yatakayosemwa. Ami yangu mmoja atasema kwamba mtoto huyu ameonja baridi miaka michache, sasa ameona atufundishe kubeba pochi. Ami, shikamoo, lakini sijasema kwamba watu wa huku ni bora kuliko sisi. Kwa habari ya fedha sisi ndio tuliowatangulia, na ninalisema hilo kazini kwangu hadi wenzangu wamechoka kunisikiliza. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka huo huo kadi za kugusa ndiyo kwanza zinaingia katika maduka ya Uingereza, tena kwa malipo yasiyozidi pauni 10, na mabasi ya London yaliendelea kupokea sarafu hadi Julai 2014. Mama anayeuza viazi vya karai Makadara hupokea malipo kwa simu bila mbwembwe, na hajawahi kuniambia kwamba mashine yake haifanyi kazi leo. Kwa haki ya Mungu, pochi nyembamba ilipaswa kuzaliwa Mombasa. Fedha zilikwisha kutoka mfukoni na kuingia kwenye simu, zikabaki noti chache za matatu na madafu, na hizo hata kibindo cha kikoi kilikuwa kikizitosha tangu enzi za babu zetu. Pochi haikukonda kwa sababu fedha zilipoondoka, karatasi zilikataa kuondoka nazo.

Mwingine, na huyu ninamheshimu zaidi, atanikumbusha kwamba mji wetu na nchi yetu zimeshambuliwa, na kwamba bawabu hakuwekwa mlangoni kwa mapambo. Ninakubali. Nililia na waliolia, na mtu akitaka kuupekua mkoba wangu kwa kifaa cha kugundua chuma mimi nitausimamisha mwenyewe mbele yake. Lakini hebu tulitazame lile daftari bila kuogopana. Limelazwa wazi juu ya meza, kila anayekuja husoma nambari ya kitambulisho na ya simu ya aliyemtangulia, na mwenye nia mbaya huandika jina la mjomba wake na kupita. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, nzuri kabisa ukiisoma, na chini ya kivuli chake daftari bado limefunuliwa. Anayepatikana kwa daftari hilo ni yule tu aliyeandika ukweli.

Atatokea pia wa tatu, na huyu kwa kawaida naye anaishi ng'ambo, atakayeniambia kwamba huku hawakuulizi jina kwa sababu wamekwisha kulijua: kamera ziko kila kona, na benki inajua nilikunywa kahawa saa ngapi. Sina la kumpinga. Nitaongeza hata asilolisema, kwamba mhamiaji kama mimi hana uhuru wa Willcock. Hapa Uingereza mwenye nyumba hawezi kunipangisha kabla hajahakikisha kwamba nina haki ya kukaa nchini, na mwajiri vivyo hivyo. Kadi yangu ya ukaazi niliyokuwa nikiibusu kila ninapotoka iliisha muda wake mwisho wa 2024 pamoja na za wenzangu, tukaambiwa kwamba hadhi yetu sasa imo mtandaoni, na siku za mwanzo nilijihisi uchi. Hata hivyo kuna tofauti ambayo sitaki izamishwe na maneno mengi. Huku ninaulizwa ninapotafuta nyumba au kazi, nikiwa nimeketi mezani, na muulizaji anazo sababu zilizoandikwa. Kwetu ninaulizwa ninapokwenda kumpelekea shangazi yangu dawa ghorofa ya tatu.

Wala sidai kwamba kila kilichokuwa katika pochi ile kilikuwa mzigo. Karatasi ya bibi imehamia kwenye pochi mpya, nimeiweka nyuma ya noti, na kama inaongeza milimita basi na iongeze. Picha zenye nywele nimezihifadhi kwa sababu zangu. Kitambulisho kimo kwenye droo, na ninakiri kwamba kila nikifunga safari ya kuja nyumbani ni kitu cha kwanza ninachokitafuta, kabla ya pasipoti.

Mpwa wangu aliye Majengo ameiona picha ya pochi hii na kuniagizia yake, rangi ya kahawia, tena haraka. Nilimwomba anipangie juu ya meza kila anachokibeba na kunipigia picha, ili nijue nafasi ngapi zinahitajika. Kadi zake ni tatu, zinaenea bila taabu. Lakini kitambulisho chake kilipotea mwaka jana, kwa hiyo anatembea na abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha upotevu, pamoja na karatasi ya kusubiri kitambulisho kipya, zote mbili zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni zisiloane jasho, na ile ya polisi hata ikikunjwa mara nne bado ni pana kuliko pochi yenyewe. Nimemjibu kwamba yake nitainunua kitambulisho kitakapotoka, na kwamba kwa sasa asiitupe ile ya zamani. Ameniuliza nadhani kitatoka lini. Nimemwambia aende akaulize, na akienda asisahau kubeba cheti cha babu.