Kabla ya mashine kubwa, breki za trela

Kaskazi ikikaribia, wenye boti hapa Malindi huwa hawana hadithi nyingine ila mashine. Fulani ameagiza ya nguvu za farasi 150, fulani kabadilisha propela. Breki za trela hazina msemaji. Kwa maoni yangu pesa za kwanza ziende huko, tena ziende kwenye kung'oa breki za dramu, zinazobana ndani ya ngoma ya chuma, na kufunga za diski, ambazo pedi zake hubana sahani ya chuma iliyo nje.

Hebu piga hesabu ya uzito. Mashine moja ya farasi 150 ina kilo mia mbili na zaidi, na boti nyingi za uvuvi wa bahari kuu hubeba mbili. Lita 300 za petroli ni kilo 220 hivi. Ongeza boti yenyewe, nanga, makasha ya barafu na chuma cha trela, uone pikapu inavuta nini. Ulaya, trela yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake. Huku kwetu, kusi ikianza na boti zikapelekwa Kilifi au Mtwapa kufanyiwa ukarabati, mzigo wote ule unapita Gede, Matsangoni na Tezo, kwenye matuta, na tuktuk zinazokata barabara bila kuangalia. Na ukienda kilomita 80 kwa saa badala ya 40, kazi ya breki haiwi mara mbili, huwa mara nne.

Dramu si breki mbaya. Ubaya wake ni kwamba imefunikwa. Ukishusha trela baharini, maji ya chumvi na mchanga huingia ndani na kukaa humo. Springi zinaliwa, kirekebishaji kinaganda, na breki ama haishiki kabisa ama inashika isiachie. Watu husema, "Suuza tu kwa maji matamu." Yapi, bwana? Mifereji ya Malindi inakauka tunavyojua sote, na visima vingi vya karibu na pwani maji yake ni ya chumvichumvi. Unaosha chumvi kwa chumvi.

Diski iko wazi. Maji yanachuruzika yenyewe, mtungi mmoja wa maji ya mvua unatosha kuisuuza, na pedi zikiisha unaziona kwa macho bila kufungua kitu. Lakini usinunue diski ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi. Hiyo ni kutupa pesa. Chukua ya chuma kisichoshika kutu, na kalipa zake, yaani vibano vya pedi, vivyo hivyo. Mabomba ya mafuta ya breki nayo yawe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mafuta yenyewe hufyonza unyevu wa hewa, kwa hivyo yabadilishwe kila msimu. Ni ghali, sikatai. Trela yenye ekseli mbili ifungwe breki magurudumu yote manne, maana mbili tu kwa mzigo ule ni kujifariji.

Ambaye boti yake hutoka uani kwake hadi ufuoni kwa trekta, mwendo wa mtu kutembea, hii habari haimhusu sana. Abaki na beringi na grisi yake. Ila hata yeye asiingize magurudumu yenye moto baharini: hewa ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta maji ya chumvi kupita sili mpaka kwenye beringi. Subiri yapoe, unywe kahawa.

Diski ina usumbufu wake mmoja. Breki hizi hufanya kazi kwa trela kulisukuma gari kutoka nyuma: gari likipunguza mwendo, kiungo cha mbele hujibana na kusukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Sasa ukirudi nyuma kwenye mchanga laini, kiungo hujibana vilevile na trela inagoma. Dawa yake ni vali ya umeme inayounganishwa na waya wa taa ya kurudi nyuma, ili izuie mafuta yasipite. Mwambie fundi waya huo auchomelee kwa risasi na kuuziba vizuri, kwa sababu zile za kusokotwa na kufungwa teipu hazimalizi msimu.