Leso ilisema 'baada', Paulo akasema 'katika'

Mama alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, figo zikiwa zimekufa, akina mama wa kanisani walimletea leso. Doti nzima, nyekundu na nyeupe, na maandishi yake: BAADA YA DHIKI FARAJA. Waliimba, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao. Mama aliikunja akaitia kabatini, na miezi ikapita sijamwona akijifunga. Nilipomuuliza, alinijibu bila hata kugeuka: "Hiyo nitaivaa ikifika hiyo baada."

Nimezaliwa Mombasa, na mtoto wa Mombasa anajua kwamba leso haiandikwi ovyo. Methali hii tumelelewa nayo sote, wa kanisani na wa msikitini. Siku hizi, hata hivyo, nina ugomvi nayo, au tuseme nina ugomvi na jinsi tunavyoihubiri. Tumeisogeza faraja yote mbele, ng'ambo ya tatizo, kama kituo cha matatu ambacho abiria ataambiwa ashuke safari ikiisha. Je, yule ambaye safari yake haiishi? Figo zikishakufa hazifufuki. Kwa mtu wa umri wa mama, asiye na wa kumpa figo, hakuna "baada" upande huu wa kaburi.

Wanaoujua ugonjwa huu wanajua kwamba sindano si adui mkubwa. Adui ni kiu. Mwili hautoi maji tena, kwa hiyo kila unachokunywa kinakaa humo mpaka siku ya mashine. Mama aliruhusiwa nusu lita kwa siku. Ndani ya nusu lita hiyo mna chai, mna mchuzi, hata tikiti maji linahesabiwa. Alikuwa na chupa ndogo aliyoijaza asubuhi. Akinywa kikombe cha uji, anamwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa, ili ajue kilichobaki. Mwezi wa tatu, Mombasa inapochemka na hakuna upepo hata wa kutikisa mnazi, alikuwa na kikombe cha plastiki chenye vipande vya barafu. Anakiweka kipande kimoja mdomoni, anafumba macho, anakiacha kiyeyuke chenyewe. Hatafuni. Nimemwona akikaa na kipande kimoja muda mrefu, kama mtu anayesikiliza habari kwenye redio.

Mwaka wa pili akaja mhubiri mmoja na hema lake uwanjani. Jina lake halina faida hapa. Alimwita mama mbele ya watu, akamwekea mikono, akamuuliza: "Mama, kama Yesu ameshakuponya, mashine ya nini?" Watu wakapiga makofi. Mama akapanda mbegu, kama wanavyoita sadaka ile, akarudi nyumbani na chupa ya maji ya upako. Akainywa yote. Akaongeza na ya mtungini. Aliniambia baadaye kwamba yalikuwa matamu kuliko kitu chochote alichopata kuonja, na hilo silicheki hata leo.

Alikosa mashine mara mbili. Usiku wa tatu nilimkuta ameketi dirishani, mikono ameishika fremu, hawezi kulala kwa sababu akilala pumzi inakata. Maji yalikuwa yameingia mapafuni. Tulimpakia kwenye tuktuk saa nane za usiku, tukawahi. Mhubiri alipoulizwa na jirani yetu, alisema imani ya mama iliyumba. Hiyo ndiyo hasara ya injili ya "baada": isipofika, lazima apatikane mwenye kosa, na mara zote ni mgonjwa.

Kurudi kwetu kanisani baada ya hapo hakukuwa rahisi. Mimi mwenyewe nilikaa Jumapili kadhaa nje, chini ya mwarobaini, nikisikia nyimbo kwa mbali. Mama ndiye aliyeniita. Alikuwa anasoma waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya tano, polepole, kidole kikifuata mstari kwa sababu macho nayo yalishaanza kumsumbua: "Wala si hivyo tu, ila na mfurahi katika dhiki pia, mkijua ya kuwa dhiki, kazi yake ni kuleta saburi." Akasimama pale. "Mwanangu, umeona? Hakusema baada. Amesema katika."

Nimeusikia mstari huo tangu Sunday school na sikuwahi kuliona neno lile. Nilipomsimulia fundi cherehani wetu, mzee Mwislamu ambaye duka lake limeshonea ubatizo na harusi zetu zote, alitabasamu akasema Kurani nayo, katika Sura ya 94, inasema pamoja na uzito upo wepesi, na inarudia mara mbili mfululizo. Pamoja na. Basi mbele ya maneno hayo mawili, methali yetu imesimama peke yake na "baada" yake.

Ukifuata mnyororo wa Paulo, tumaini linakuja mwisho. Dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, ndipo uthabiti uzae tumaini. Sisi tunatoka dhiki tunaruka moja kwa moja hadi tumaini, na tunataka mtu aruke nasi kabla ya wimbo wa pili kwisha. Neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu imelifasiri saburi lina picha ya kukaa chini ya mzigo bila kukimbia. Si kutabasamu chini ya mzigo. Kukaa tu. Nadhani mama alilijua hilo kabla yangu, kwa sababu sala zake zilibadilika. Zamani alikuwa na sala ndefu, yenye majina ya ukoo mzima, serikali na wachungaji. Mwaka ule zilipungua mpaka zikabaki maneno mawili asubuhi: "Bwana, leo." Kwa mtu anayepima maji kwa kikombe, sala ya siku moja inatosha. Hapo ndipo nilipoona kitu kinakua, na hakikufanana na ushindi hata kidogo.

Lakini sitaki kuisifia dhiki. Dhiki peke yake haimkuzi mtu. Katika chumba kile cha mashine, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, nimewaona waliokunjamana kwa uchungu mpaka wakaacha kuwasalimu hata watoto wao, na sina neno la kuwalaumu. Asubuhi nyingine unakuta kiti kimoja kitupu, na hakuna anayeuliza. Kilichomshika mama, kwa macho yangu, ni watu. Kuna jirani mmoja ambaye hakuwahi kumwombea kwa sauti. Anakuja na mchicha wake kwenye ungo, anakaa mkekani karibu na mama, anachambua, saa nzima labda wamesemezana mara tatu. Rafiki zake Ayubu walianza vizuri namna hiyo: siku saba walikaa naye chini, hakuna aliyemwambia neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Na Biblia yenyewe haina haraka kama sisi. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani. Haina ule mstari wa mwisho wa "lakini nitakusifu". Aliyepanga Zaburi aliiacha hivyohivyo, katikati ya kitabu cha ibada. Sijawahi kusikia ikihubiriwa.

Huku pwani tuna kaburi linalonifundisha jambo hilohilo. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, amezikwa Rosine Krapf, mke wa Ludwig Krapf, yule mmishonari Mjerumani tuliyesoma habari zake shuleni. Walihamia Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo Rosine alikuwa amekufa kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua. Mtoto, msichana, akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani akitetemeka kwa homa hiyohiyo. Baadaye aliiandikia kamati ya misheni kule London kwamba sasa wanalo kaburi Afrika Mashariki, na kwamba ni ishara kuwa kazi imeanza, kwa maana ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake.

Barua ile inasifiwa sana, na alichokifanya baada yake ni kikubwa: alibaki, akaendelea kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, akatuachia kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hata hivyo barua inanikwaza. Mapema mno kaburi la mkewe limegeuzwa hatua ya kampeni. Kinachonigusa zaidi ni jambo la mwaka mmoja hivi nyuma, ambalo watu hawalitaji. Wakiwa safarini Uhabeshi, Rosine alijifungua mtoto wao wa kwanza njiani, kabla ya wakati, nyikani, na mtoto hakuishi. Walimbatiza Eneba. Kwa Kiamhari maana yake ni chozi. Hawakumwita Tumaini wala Ushindi. Walimpa jina la kile kilichokuwapo, wakamkabidhi nalo kwa Mungu. Mimi naona imani katika jina lile kuliko katika barua.

Nilimsimulia mama habari za Eneba tukiwa tunarudi kutoka kwenye mashine, amechoka, kichwa kimeegemea kioo cha matatu. Alinyamaza mpaka tukavuka daraja la Nyali. Kisha akauliza kama mama yake alipona. Nikamwambia alipona ile, akafa ya pili. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini," kama anayemzungumzia mtu wa mtaani kwetu.

Ijumaa Kuu ya mwaka uliofuata alitaka kwenda ibada ya saa sita mchana, ile ndefu ya maneno saba ya msalabani. Nilimbishia kwa sababu ya jua. Akaenda. Alivaa ile leso, kwa mara ya kwanza, na sikuthubutu kumuuliza kama "baada" imefika. Mkobani alikuwa na kikombe chake cha barafu, amekifunika kwa kitambaa, na kilikuwa kinavuja polepole kwenye benchi. Msomaji akafika kwa Yohana 19, akasoma kwa ile sauti ya kanisani: "Naona kiu."

Mama alinishika goti. Nilidhani anazidiwa. Kumbe alikuwa anacheka, bega linatikisika, kipande cha barafu shavuni, machozi yanamtoka.

"Huyu," aliniambia sikioni, "tunajuana."