Bangili ya Kufuli Kuukuu: Ujumbe ni wa Nani?

Bangili nyingi za shaba ya manjano zinazotengenezwa na mafundi wa jua kali Kibera, Nairobi, zilianza kama kufuli, koki za maji au vitasa vya milango. Chakavu huyeyushwa, humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kisha hupigwa tupa mpaka ing'are. Karakana nyingine hukata mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, huichemsha itoke mafuta, halafu huichora kwa nta na rangi. Zikifika kwenye maduka ya ng'ambo, bidhaa hizi huandamana na kadi: ukivaa hii umepunguza taka, umemshika mkono fundi wa mtaa wa mabanda, umesimama upande wa mazingira.

Hoja za wanaoshabikia mapambo ya aina hii si nyepesi. Shaba iliyoyeyushwa upya haidai shimo jipya la mgodi. Mfupa nao humpa mpenda weupe wa pembe kitu cha kuvaa bila tembo kuuawa, na hilo si dogo katika nchi iliyoteketeza tani 105 za pembe za ndovu Aprili 2016 ili kuuambia ulimwengu kwamba pembe haina thamani isipokuwa kwa tembo mwenyewe. Halafu kuna hisia. Ami Doshi Shah, mbunifu wa Nairobi, aliunganisha shaba na chumvi katika mapambo yaliyofika mwaka 2022 kwenye maonyesho ya mitindo ya Afrika katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Chumvi huila shaba polepole na kuigeuza rangi. Anayeyatazama huiona nguvu ya wakati bila kuhutubiwa. Mapambo kama hayo hayahitaji kadi, na kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote wa upande huu.

Wenye shaka huanzia kwenye kufuli lenyewe: lilitoka wapi? Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu Kenya nzima, baada ya wizi na uharibifu wa miundombinu ya umeme kukithiri. Fundi mwaminifu alikosa malighafi kwa kosa la mwingine. Lakini pia ilidhihirika kwamba neno "chakavu" halisafishi asili ya kitu. Tena kuna afya. Shaba ya manjano ina zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la kuyeyushia hulikaribia au kulipita. Mvuke wake humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Unga wa mfupa nao huishia mapafuni. Kadi iko kimya kuhusu haya yote.

Wengine hujibu kwamba Waafrika tumezungumza kwa mapambo tangu zamani, na hutaja shanga za Wamaasai na Wasamburu. Kweli, ila mfano huo unakata kuwili. Kwa Wasamburu kuna desturi ya morani kumvisha msichana mdogo rundo la shanga, na kwa shanga hizo kupata ruhusa ya kumfanya mpenzi bila kumwoa. Wanaharakati wa jamii hiyo hiyo wameipinga kwa miaka mingi. Shanga zile zina ujumbe, tena wa wazi kabisa, lakini ni wa aliyezitoa; aliyezivaa hakuulizwa.

Kwenye duka la ng'ambo mambo yamepinduka: mvaaji ndiye mwenye kauli, mtengenezaji ndiye asiyeulizwa. Hisia zinazouzwa ni za mnunuzi, huruma yake na fahari yake. Kama fundi angeachiwa achague ujumbe, huenda asingetaja mazingira kabisa; huenda angetaja kodi ya nyumba, au angejisifia tu kwa mkono wake mzuri.

Kwa hiyo naunga mkono karakana, naitilia shaka kadi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa chakavu awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Mwenye duka anayetaka kunadi bangili kwa jina la haki aanze kwa kuonyesha kumbukumbu hizo, kiasi alichomlipa fundi, na kama karakana ina dirisha la kutolea moshi. Jina la fundi, akiridhia, lichapwe juu ya jina la duka.