Anayetaka kutibu saratani kwa kinga ya mwili aanzie maabara ya tishu

Kila msimu wa kuchagua mada za utafiti hunijia wanafunzi wenye hamu ileile: wanataka kufanya utafiti wa tiba ya kinga dhidi ya saratani. Wamesoma habari za James Allison na Tasuku Honjo, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuziachia seli za kinga breki zake. Wamesikia habari za wagonjwa wa saratani ya ngozi waliokwisha kukatiwa tamaa, kisha wakaishi miaka. Hamu hiyo naipenda. Lakini nikiwaambia waanze kwa kujifunza upimaji wa tishu, ile kazi ya kuangalia kama figo ya dada itamfaa kaka yake, nyuso hunywea. "Mwalimu, si hiyo ni kazi ya kutoa majibu tu?" Wanaiona kama huduma ya hospitali, haina uvumbuzi.

Mimi naamini kinyume kabisa. Kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kuacha alama kwenye tiba ya kinga, sioni mlango ulio wazi zaidi ya huo.

Tuanze na seli T, chembe nyeupe ya damu ambayo ndiyo askari wa kinga anayezungumzwa sana. Seli T haina uwezo wa kuchungulia ndani ya seli nyingine. Inategemea ionyeshwe. Karibu kila seli ya mwili hukatakata protini zake, ikachukua vipande vidogo na kuvitoa juu ya ngozi yake vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Seli T inapopita hukagua kipande pamoja na molekuli iliyokishika, vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walilionyesha jambo hili kwa panya huko Canberra mwaka 1974, na mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wa Harvard wakachapisha umbo la HLA-A2, mojawapo ya aina za HLA: mfereji mwembamba juu ya molekuli, na ndani ya mfereji kuna kitu kimelala. Kitu hicho ndicho kipande chenyewe.

Sasa, HLA ndiyo hiyohiyo inayoufanya mwili ukatae figo ya mtu mwingine. Molekuli inayotusumbua chumba cha upandikizaji ndiyo inayoifichua saratani kwa askari wa kinga. Mwaka 1991 kundi la Thierry Boon huko Brussels lilipotangaza jeni ya MAGE, ya kwanza kutambulika kuwa inatoa alama ya uvimbe wa binadamu inayoonwa na seli T, kipande walichokipata kilikuwa kinabebwa na HLA-A1. Asiye na HLA-A1 kipande hicho hakimhusu. Kwa hiyo mtafiti wa saratani alilazimika kuuliza swali ambalo maabara ya figo ilikuwa imeliuliza miaka mingi: huyu mgonjwa ana HLA zipi?

Namna swali hilo lilivyokuwa likijibiwa zamani inafaa kila mwanafunzi aijue, kwa sababu ni sayansi iliyofanywa kwa vitu vidogo sana. Mwaka 1958 Jean Dausset wa Paris alieleza alama ya kwanza ya kundi la HLA kwenye chembe nyeupe za damu. Mwaka huohuo Jon van Rood wa Leiden na Rose Payne wa Stanford, kila mmoja kwa upande wake, waliona kwamba wanawake waliokwisha kubeba mimba hutengeneza kingamwili dhidi ya chembe nyeupe. Mtoto tumboni amerithi nusu ya HLA zake kwa baba, na mwili wa mama huziona ngeni. Kwa kawaida mtoto hadhuriki. Lakini seramu (maji ya damu yenye kingamwili) ya mama huyo, hasa aliyezaa mara kadhaa, ikawa chombo cha maabara: inatambua HLA fulani na kuiacha nyingine. Kwa miongo mingi maabara za dunia zilipima tishu kwa seramu za akina mama waliotoka kujifungua. Majina yao hayako kwenye tuzo yoyote, na mimi huwataja kila ninapofundisha somo hili, kwa sababu bila wao hapangekuwa na upandikizaji tunaoujua.

Kisha akaja Paul Terasaki. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1929 kwa wazazi wa Kijapani, na wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani iliifungia familia yake kambini katika jangwa la Arizona. Mwaka 1964, akiwa chuo kikuu cha UCLA, alichapisha kipimo cha matone madogo. Picha yake ni hii: trei ya plastiki isiyozidi kiganja, yenye vishimo vingi vidogo. Kila kishimo kina seramu tofauti, maikrolita moja hivi, imefunikwa kwa mafuta isikauke. Unadondosha chembe nyeupe za mgonjwa, unasubiri, unaongeza komplementi (protini za damu zinazoua seli iliyoshikwa na kingamwili) iliyotoka kwenye damu ya sungura, unasubiri tena, kisha unatia rangi. Chini ya hadubini, seli iliyo hai inang'aa. Iliyokufa imenywa rangi na kuwa nyeusi. Palipo na vifo ndipo kingamwili ilipoikuta HLA yake. Mpimaji anakwenda kishimo kwa kishimo, anaandika namba, na mwisho wa safu anajua mgonjwa ni nani kwa macho ya kinga. Kwa kuwa kipimo kilihitaji seramu kidogo mno, chupa moja ya thamani iliweza kugawanywa kwa maabara nyingi, na lugha ya upimaji ikawa moja duniani.

Leo tunasoma DNA yenyewe, na trei zimestaafu sehemu nyingi. Aina za HLA zilizoorodheshwa kwenye hifadhidata ya kimataifa zimepita 40,000. Hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Afrika ndiko binadamu walikokaa muda mrefu kuliko kokote, na ndiko jeni zao zinakotofautiana zaidi. Lakini dawa zinazotegemea HLA zimejengwa kwa kuanzia aina zilizoenea Ulaya. Tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa saratani ya ndani ya jicho, inafanya kazi kwa mwenye HLA-A*02:01 tu. Saratani hiyo huwapata zaidi watu weupe, kwa hiyo siilalamikii. Ninachokihofia ni kinachofuata. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya seli T zilizobadilishwa ili ziitambue protini E7 ya kirusi cha HPV aina ya 16. Wagonjwa walikuwa 12, na 6 kati yao uvimbe ulisinyaa, wakiwamo waliokwisha kushindwa na dawa nyingine. Matokeo ya kufurahisha. Sharti la kuingia: uwe na HLA-A*02:01.

HPV ndiyo inayosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kati ya saratani zote. Mzigo uko kwetu, na tiba inakatwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine. Sisemi kuna aliyekusudia ubaya. Watafiti hufanya kazi na damu iliyo karibu nao. Basi na sisi tufanye kazi na iliyo karibu nasi.

Wala tusidanganyike kwamba ukipima "Waafrika" kwa jumla umemaliza. HLA-B*57:01 ndiyo inayomfanya mtu apate mzio mkali, hata wa kuua, akitumia abacavir, dawa ya VVU. Katika sampuli zilizowahi kulinganishwa, ilionekana kwa asilimia 13.6 kwa Wamaasai wa Kenya, asilimia 3.3 kwa Waluhya wa Kenya hiyohiyo, na kwa Wayoruba wa Nigeria haikuonekana kabisa. Nchi moja, majirani wawili, tofauti mara nne. Daktari anayeandika dawa kwa kuangalia rangi ya ngozi hana anachokijua.

Watu wetu walioko ng'ambo wanaguswa pia. Kwa takwimu za daftari la wachangiaji uloto la Marekani, mgonjwa mweusi ana nafasi ya asilimia 29 ya kumpata mtu wa kulingana naye kikamilifu. Mzungu ana 79. Sehemu ya sababu ni uchache wa wachangiaji waliojiandikisha, na sehemu ni utofauti huohuo wa HLA nilioutaja.

Na sisi si wageni kwenye tiba ya kinga. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto akiwa Kampala mwaka 1958. Huko Nairobi, Peter Clifford aliona baadhi ya watoto hao wakipona kwa dawa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, akashirikiana na George Klein wa Stockholm kutafuta kama kinga ya mtoto mwenyewe ndiyo inayomalizia kazi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na wagonjwa wa uvimbe huo walijaribiwa kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ili kuiamsha kinga. Mwaka 1976 Ian Magrath na John Ziegler walitoa jibu: BCG haikusaidia. Mimi nalihesabu jibu hilo kuwa kazi kubwa. Swali lilikuwa la kweli, likaulizwa hapa, likajibiwa bila kupambwa.

Leo nafasi ni kubwa zaidi. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018, na mwaka 2023 Dodoma wakaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kila mgonjwa wa namna hii lazima apimwe HLA, yeye na ndugu zake, maana ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu. Taarifa hizo zinapatikana kwa gharama na kwa matumaini ya familia nzima. Zikiishia kwenye faili la mgonjwa, tumezitumia mara moja. Zikikusanywa kwa ridhaa, kwa kibali cha maadili, na majina yakiondolewa, zinakuwa ramani ya kwanza ya kujua seli T za watu wetu zinaonyeshwa nini.

Kwa hiyo mwanafunzi akinijia sasa, namwambia ajifunze kwanza kusoma majibu ya HLA mpaka makosa ayaone mwenyewe: jina la aina lililokosewa, sampuli mbili zilizobadilishana, mtoto asiyefanana na mzazi yeyote. Ajifunze takwimu. Ajifunze kuongea na mgonjwa anapoomba ridhaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kisha achukue swali lililo wazi mbele yake: HLA zilizo nyingi kwa wanawake wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hushika vipande gani vya E6 na E7, protini za HPV, na je, seli T zao huviona? Kazi hiyo inahitaji damu, kipande cha uvimbe, mashine ya kusoma DNA, jokofu lisilozimika, na mtu anayezijua HLA vizuri kiasi cha kutoyakubali majibu ya kompyuta bila kuyahoji.