Poa Kichizi Kama Ndizi, Mita 1,021

Watu wa utabiri wa milimani nimewanyooshea mikono. Wameandika kwa macho makavu kwamba uwezekano wa vilele kuwa wazi, bila ukungu, ni asilimia 80. Sawa. Mbona mimi nimeshinda kutwa ndani ya ile 20? Koti linachuruzika bafuni mpaka sasa, viatu nimevijaza magazeti, na jirani wa chini ameshapanda kuuliza kama kuna bomba limepasuka.

Na yote kwa sababu kazini walinishauri nikapumzishe akili. Mnawajua. Akili ya mtu wa huku Uskoti haipumziki mpaka magoti yaumie.

Nikapanda basi la kwenda kisiwa cha Skye, nikashuka njiani, Cluanie, nikalala kwenye hema. Sheria ya Uskoti ya 2003 inakuruhusu kulala porini, ila kuhusu usubi imekaa kimya. Wanaouma ni majike tu, wanasema. Basi bonde la Glen Shiel halina dume hata mmoja. Upepo ukivuma wanatoweka, na upepo ulisubiri kwa adabu mpaka nilipofika juu, mahali ambapo hakuna usubi na mtu anachotaka ni kusimama wima.

Mgongo wa kusini wa bonde lile una Munro saba mfululizo. Ugonjwa wa Munro mnaujua: kila mlima wao unaozidi futi 3,000, yaani mita 914 na ushee, lazima ukanyagwe. Sir Hugh Munro ndiye aliyewatolea orodha mwaka 1891. Leo iko 282, na watu wazima wenye mikopo ya nyumba wanaizungukia wakiweka alama ya vema. Mwenyewe alifariki 1919 hajaimaliza, na hakuna aliyeshtuka.

Kilele cha kwanza, Creag a' Mhàim: ukungu. Cha pili: ukungu na upepo. Cha tatu ni Aonach Air Chrith, mita 1,021, kirefu kuliko wenzake wote sita. Nimejibanza nyuma ya lundo la mawe, chapati mkononi imeshaanza kunywa mvua, mara akachomoza mzee kutoka kwenye ukungu. Miaka sabini hivi. Kaptula. Fimbo mbili, matope mpaka magotini.

Mimi nimelelewa Muheza. Mdomo ukatoa "Shikamoo" kabla kichwa hakijaukataza.

Mzee akasimama. Akanikazia macho. Akaangusha fimbo moja, akainua dole gumba.

"JAMBO! POA KICHIZI KAMA NDIZI!"

Ndugu zangu, shikamoo yangu imejibiwa na ndizi. Wale vijana wa Moshi wanaowafundisha watalii, Mungu anawaona.

Kumbe amepanda Kilimanjaro. Akachutama, usaili ukaanza. Wewe ulipita njia gani, Machame? Sijapanda, mzee. Marangu? Sijapanda. Lakini si umesema Mtanzania? Ilibaki kidogo adai pasipoti. Nikajaribu kutetea taifa: nikamwambia Muheza na Kilimanjaro si pua na mdomo, na kwamba sisi tuna milima yetu ya Amani, nimefika juu kabisa. "Kwa miguu?" Kwa lori la chai, lakini hilo halimhusu.

Nikapigwa mhadhara. Mvua inakuja kwa ubavu, mzee ananisimulia jua linavyochomoza ukiwa Uhuru, mita 5,895. Akanichorea ukuta wa mwamba wa Barranco wa huko huko Kilimanjaro kwenye tope kwa ncha ya fimbo. Akausifia uji wa mpishi wake. Mskoti, ananisifia mimi uji! Mwisho akaniambia, tena kwa huruma ya kweli, kwamba nchi yangu ni nzuri mno, nijitahidi siku moja nikaione.

Nikaione! Nauli ya Desemba umeiangalia lakini? Wewe ulipokwenda ulibebewa begi. Mimi nikienda nabeba simu za wajomba na viatu vya ukoo mzima, na bado naulizwa mbona nimekuja mikono mitupu. Haya niliyasema peke yangu, maana mzee alishanipiga bega, akasema "Pole pole!", akateremka mbio.

Vilele vinne vilivyobaki: ukungu. Halafu mgongo wenyewe unakutema barabarani mbali kabisa na ulikoacha hema. Magari yalinipita kwa heshima, yakipunguza mwendo yasinirushie maji.

Nikamtumia mama picha ya ile dakika ukungu ulipofunguka. Akapiga hapo hapo. Milima hii kipara, miti kaimaliza nani, wachoma mkaa? Nikamweleza misitu ilikatwa zamani, kisha kondoo na kulungu wakawa wanatafuna kila mche unaochipua.

"Hao kulungu hawaliwi?"

"Wanaliwa mama, ila mapori yana wenyewe. Mtu mmoja anaweza kumiliki bonde zima na milima yake."

"Ndiye uliyekwenda kumfanyia kazi?"

"Hapana, nilikuwa natembea."

"Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Kuna nini?"

"Ukungu."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, taratibu baba asisikie, kama kazini bado naenda.