Nionyeshe karafuu, saa sita usiku!

Mdogo wangu yuko Davos, Uswisi, mita 1,560 juu ya bahari, anaosha vyombo hotelini. Akitoka kazini saa nne usiku, huku Wete, Pemba, ni saa sita. Simu ya video! “Dada, hebu nionyeshe karafuu.” Karafuu gani usiku? Zimeshaanuliwa tangu magharibi! Basi nifunue sufuria aone muhogo wa nazi uliobaki. Kisha theluji: kaizoa kwa koleo asubuhi, jioni mlango umezibwa tena, na watu wanalipa mapesa wateremke mlima kwa vibao miguuni. Bando langu, usingizi wangu. Juzi kataka nitoke uani asikie popo wakigombania maembe. Nikatoka, yakhe. Mbu wakanila.